Mahafali Carver-Hawkeye na Bibi mwenye magoti mabovu: nimpeleke au abaki nyumbani?

mama_wa_fizi, 14 Aprili, saa 4 usiku

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kwa mlioko huku Iowa, Marekani: Iowa City, Coralville, North Liberty, hata Cedar Rapids.

Binti yangu wa kwanza anahitimu Chuo Kikuu cha Iowa mwezi wa tano, digrii ya biolojia. Sherehe yao itakuwa Carver-Hawkeye Arena, ile nyumba kubwa ya michezo karibu na hospitali ya chuo, yenye vyuma vilivyokaa juu ya paa kama mifupa. Tangu tufike hapa mwaka 2016 nimepita pale mara nyingi nikienda kliniki, lakini ndani sijaingia hata siku moja.

Shida yangu ni mama mkwe wangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Bibi. Magoti yake yote mawili yamekwisha. Ndani anatembea na mkongojo. Ngazi za barazani kwetu ni tatu tu, na hizo anazishuka kinyumenyume, mikono miwili kwenye chuma, mimi nimesimama nyuma yake nikimhesabia: moja, Bibi, bado mbili. Sasa kazini (nafanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama) kuna kaka mmoja anayependa kwenda kuangalia mieleka pale. Nilipomwambia habari ya mahafali akanijibu, "Mama, Carver ni ngazi tupu. Unashuka, unashuka, unashuka." Tangu siku hiyo sina usingizi mzuri.

Mume wangu anasema Bibi abaki nyumbani na mdogo wake binti, waangalie mubashara kwenye televisheni. Binti amesema kama Bibi haji, yeye haoni sababu ya kuvaa joho. Sitaki mtu aone kuwa mtoto ana kiburi, kwa hiyo naomba nieleze.

Binti alianza shule tukiwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi nilikuwa natoka alfajiri kutafuta vibarua. Mtoto alikuwa anaogopa darasa, akiachwa tu anatoroka, anakimbia akilia mpaka kwenye foleni ya maji kunitafuta. Basi Bibi akaamua kumpeleka yeye, na akishampeleka haondoki. Anatandika kitenge chini, nje ya darasa, upande ambao mtoto akigeuza shingo anamwona. Miezi mitatu alikaa pale, jua likimfuata, anasogeza kitenge. Bibi hajasoma. Lakini jioni mtoto akisahau alichofundishwa, Bibi ndiye anamkumbusha: a, e, i, o, u. Alizishika kwa kusikia na kuchungulia ubaoni.

Huyo ndiye mtu tunayejadili abaki kwenye kochi.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya. Kuna mlango wowote ambao mtu mwenye magoti kama hayo anaweza kuingia na kukaa bila ngazi? Kiti cha magurudumu tupate wapi, maana bima inataka karatasi nyingi na siku zimebaki chache? Vigelegele vinaruhusiwa? Na la mwisho, Bibi mwenyewe ananiuliza kila siku: hiyo nyumba ni ya nani, na siku ambazo hakuna mahafali wanafanya nini humo? Sina jibu la kumpa zaidi ya "wanacheza mpira".

Asanteni.

baba_kalemie, 14 Aprili, saa 5 usiku

Hongera sana mama kwa mtoto. Mimi nasema kwa nia njema: mubashara si kitu kibaya. Mwaka juzi mama yangu alibaki nyumbani akaona kila kitu kwenye simu kubwa, amekaa vizuri, chai pembeni. Siku ya mahafali kuna msongamano wa magari, watu wanasukumana, choo ni foleni. Mzee akianguka siku ile furaha yote inageuka. Halafu jioni binti anarudi na joho lake, mnapiga picha na Bibi barazani. Fikirini hilo pia.

mfagio_wa_usiku, 15 Aprili, saa 1 asubuhi

Dada yangu, kwanza mpe Bibi shikamoo yangu. Pili, nisikilize kwa makini kwa sababu ile nyumba naijua kwa miguu. Misimu minne nilikuwa kwenye kikundi cha usafi, tunaingia mechi ikiisha, tunatoka karibu na alfajiri.

Huyo kaka wa mieleka amekueleza kweli, ila ameeleza upande wa mtu mwenye tiketi ya chini. Carver imejengwa kwenye bonde la kilima. Nyumba nyingi za michezo unaingia chini halafu unapanda kutafuta kiti chako. Pale ni kinyume: unaingia juu. Milango iko usawa wa ardhi ya nje, ukipita mlango umefika kwenye korido pana inayozunguka nyumba nzima, na viti vyote viko chini yako kama umesimama kwenye ukingo wa bakuli. Hakuna ghorofa ya pili ya viti. Anayetaka kukaa karibu na uwanja ndiye anayeshuka, na ndiye atakayepanda tena akitaka choo.

Sasa mtu mwenye magoti mabovu anataka nini? Anataka asishuke. Na nafasi za viti vya magurudumu ziko hukohuko juu, usawa wa korido. Bibi anaingia mlangoni, anasukumwa kwenye sakafu tambarare, anafika mahali pake, uwanja wote uko chini ya macho yake. Vyoo viko kwenye korido hiyohiyo nyuma yake. Hashuki ngazi hata moja. Ile ngazi iliyokuwa inakunyima usingizi ni ya kwako wewe na watoto mkiamua kwenda chini.

Ngazi zenyewe ni kweli ni nyingi. Sisi tulikuwa tunaanza juu na mifuko, tunaokota vikombe na masanduku ya bisi safu kwa safu mpaka chini, halafu tunarudi juu na mashine za kupuliza, zile za majani, tunasukuma bisi na makaratasi kutoka safu moja kwenda ya chini yake, kisha raundi ya tatu ni maji na mopu kwa soda iliyomwagika. Soda ikikauka chini ya kiti, kiatu kinanata, unasikia kila hatua. Usiku mmoja unashuka na kupanda bakuli lile mara tatu, nne. Nilikuwa na miaka 31 na nilikuwa nafika nyumbani nimeshika magoti. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote, hata kwa upendo, kusema "Bibi tumshike mikono tushuke naye polepole ili aone karibu." Msifanye hivyo. Juu.

Nikuambie pia ubaya wa juu, usije ukashangaa. Wahitimu wanakaa kwenye sakafu ya uwanja, na kutoka ukingoni ni mbali. Mamia ya watu wamevaa joho jeusi, kofia nyeusi. Nimewahi kuona familia nzima zikinyoosha vidole pande tofauti, kila mmoja anasema "yule pale", na sherehe imeshafika nusu. Lakini kuna jambo moja kutokana na ujenzi wa nyumba ile: kwa sababu mnakaa juu mkitazama chini, mnachokiona zaidi ni utosi. Kofia ya mahafali ni bapa, imekaa kichwani kama sahani. Wanafunzi wengi hapa huzipamba. Chukueni kitenge cha Bibi, kipande cha kitambaa kilekile atakachovaa siku hiyo, chenye rangi kali, mkibandike juu ya kofia ya binti. Rangi ya chungwa au njano. Bibi asitafute sura, atafute kitambaa chake.

Baba Kalemie, nakuheshimu mzee wangu, na habari ya msongamano ni ya kweli. Ila hapa sikubaliani na wewe. Kamera inampa kila mtoto sekunde chache tu, anatoka. Bibi huyu alikaa nje ya darasa miezi mitatu ili mtoto akigeuza shingo amwone. Safari hii pia mtoto atageuza shingo. Akitazama juu akute kiti kitupu?

Ya kutenda, kwa haraka. Binti aandike sasa hivi kwa ofisi ya mahafali aseme ana mgeni wa kiti cha magurudumu, asingoje wiki ya mwisho. Hakikisheni ni Carver kweli na si Xtream Arena ya Coralville, maana kila kitivo kina siku yake na mahali pake, na majina ya hizi nyumba watu huyachanganya. Dereva amshushe Bibi mlangoni kwanza pamoja na wewe, ndipo aende kutafuta maegesho. Kile kilima kutoka kwenye maegesho si cha kumsukuma mtu ukiwa na viatu vya sherehe. Siku za mechi wanataka mkoba wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, basi dawa za Bibi ziwekeni kwenye mfuko wa namna hiyo kabisa msipate shida. Na shali. Mei nje ni joto, lakini ndani wanapuliza ubaridi na mzee anakaa bila kusogea saa nzima au zaidi.

mama_wa_fizi, 15 Aprili, saa 9 alasiri

Kaka, nimekusoma mara tatu, mara ya tatu nimemsomea Bibi kwa sauti. Ulipofika kwenye kitenge amecheka, akaniambia nifungue sanduku lake la chini ya kitanda. Amechagua kile cha njano chenye ndege, alichopewa na dada zake wa kanisani siku tunaondoka Nyarugusu. Hajawahi kukikata. Amesema kikatwe.

Mume wangu pia amesoma. Hajasema neno, ila ameenda nje kupima buti ya gari kwa futi kuona kama kiti cha magurudumu kitaingia.

Bado kiti hatuna. Na lile swali la nyumba ni ya nani, Bibi ameuliza tena leo.

binti_wa_kikapu, 15 Aprili, saa 12 jioni

Shikamoo mama. Shikamoo Bibi. Mimi nimekulia hapa Iowa City na nacheza kikapu, kwa hiyo hili la nyumba niachieni mimi.

Ni ya chuo. Jina Carver ni la Roy Carver, tajiri wa Muscatine, mji ulio chini kidogo ya hapa kando ya mto Mississippi. Utajiri wake ulitokana na matairi: kampuni yake, Bandag, ilikuwa inachukua tairi la lori lililokwisha meno na kulibandika mpira mpya lirudi barabarani. Alikipa chuo pesa nyingi sana, akafariki 1981 kabla nyumba haijafunguliwa. Hawkeye ni jina la watu wa Iowa na la timu zote za chuo. Ilifunguliwa Januari 1983, na kilichoanza kuchezwa humo ni mieleka. Huyo kaka wa kazini kwako atafurahi kusikia. Hapa mieleka ni kama dini. Kocha Dan Gable aliiletea Iowa ubingwa wa taifa wa vyuo mara 15.

Humo wanacheza kikapu wanaume na wanawake, mieleka, na kunafanyika matamasha na mahafali. Viti ni 14,998. Mji wenyewe una watu kama 75,000, kwa hiyo nyumba ikijaa ni mtu mmoja katika kila watano wa mji, ingawa wengi wanatoka mbali.

Lakini mama, kama ni kumsimulia Bibi, mwambie habari za wanawake. Mwaka 1983 alikuja kocha Mmarekani mweusi, C. Vivian Stringer, kufundisha kikapu cha wanawake, wakati ambapo mechi za wanawake watu walikuwa hawaendi. Tarehe 3 Februari 1985, Iowa ikicheza na Ohio State, waliingia watu 22,157. Siku zile nyumba ilikuwa na viti 15,500. Watu walikaa kwenye ngazi zilezile ambazo kaka amezifagia, wakajaa korido, wengine hawakuona hata mpira. Wakati ule hapajawahi kuwa na mechi ya wanawake wa vyuo yenye watu wengi kiasi hicho. Na iliwezekana kwa sababu ya watu kutaka tu kuwaona mabinti wakicheza.

Halafu tarehe 15 Februari 2024. Mimi nilikuwemo. Caitlin Clark, jezi 22, alihitaji pointi 8 tu dhidi ya Michigan ili awe mfungaji bora wa kikapu cha wanawake katika historia ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Robo ya kwanza tu ilimtosha. Alitupa kutoka mbali sana, karibu na ile nembo ya katikati, na kabla mpira haujaingia watu wote walikuwa tayari wamesimama. Alimaliza na pointi 49. Ninachokumbuka ni sauti. Kwa sababu nyumba ni bakuli, sauti haina pa kutokea, inakurudia usoni. Masikio yaliniziba mpaka kesho yake asubuhi.

Kuna moja zaidi, na hili ukimsimulia Bibi atalielewa kuliko yote. Miaka ya tisini timu ya wanaume ilikuwa na kijana anaitwa Chris Street. Alikuwa ametupa mitupo huru (ile ya kusimama mstarini bila kuzuiwa, baada ya kuchezewa vibaya) 34 mfululizo bila kukosa hata mmoja, rekodi ya chuo, na kabla hajakosa akafa kwenye ajali ya gari, Januari 1993, akiwa na miaka 20. Miaka 25 baadaye, Februari 2018, mchezaji mwingine wa Iowa, Jordan Bohannon, akafikisha 34 humohumo Carver. Akaenda mstarini kutupa wa 35, ambao ungemfanya aivunje. Akaukosesha makusudi, akanyoosha kidole juu. Alisema rekodi ile haikuwa yake kuichukua. Wazazi wa Street walikuwemo ndani.

Basi nyumba ni ya hivyo. Bibi anaingia mahali ambapo watu wanajua kumkumbuka mtu.

joho_2019, 16 Aprili, saa 2 usiku

Mama, mimi nilihitimu humo. Kuhusu vigelegele: msimamizi anaomba watu wangoje wapige makofi pamoja mwishoni, na familia karibu zote hazingoji. Hakuna atakayewatoa.

Ila naomba jambo kwa unyenyekevu. Siku yangu mama zangu wadogo wanne walipiga vigelegele vya harusi, virefu, na kama dada wa kikapu alivyosema sauti inazunguka. Jina la kijana aliyekuwa nyuma yangu halikusikika kabisa. Nilikuwa nimeshapita, nikageuka, nikaona sura yake. Naye wazazi wake walikuwa juu wamengoja miaka minne jina lile lisomwe. Mpaka leo naona aibu, na sijui hata anaitwa nani.

Kwa hiyo: kigelegele kimoja, kifupi, mara tu jina la binti likisomwa, kisha kimya. Vile virefu mvitunze vya nje kwenye nyasi. Huko pigeni mpaka hospitali isikie.

mama_uvira, 16 Aprili, saa 3 usiku

Kiti cha magurudumu ninacho. Cha marehemu baba yangu, kiko gereji tangu mwaka jana, sijaweza kukitoa. Mimi niko North Liberty. Matairi ni mazima, breki nzima, ila sehemu ya kuwekea mguu wa kushoto imelegea, inazunguka zunguka, mtazame isimbane Bibi kidole. Nitumie ujumbe wa ndani nikupe anwani. Sitaki pesa. Mleteni Bibi nimsalimie siku mkija kukichukua, nina hamu ya kusikia Kibembe cha mtu mzima.

baba_kalemie, 17 Aprili, saa 1 asubuhi

Nimesoma yote. Mama, mpelekeni.

mama_wa_fizi, 20 Mei, saa 5 usiku

Ndugu zangu, nimerudi kuwasimulia. Samahani kwa kuchelewa, wageni wameondoka jana tu.

Tulifika mapema sana, milango bado haijafunguliwa. Mume wangu akatushusha, akaenda na gari. Ilikuwa kama kaka wa mfagio alivyosema: mlango, korido, sakafu sawasawa, hakuna hata kizingiti. Kijana mmoja mwenye fulana ya njano akatuonyesha mahali pa Bibi. Nilipomsogeza mpaka ukingoni na akaona lile shimo lote chini yake lenye viti na taa, alinikamata mkono akaushika kwa nguvu kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Hawa wote wana watoto humu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi kumbe tuko wengi."

Alikuwa amevaa gauni la njano lenye ndege na kilemba chake. Kipande cha kofia tulikibandika usiku wa kuamkia siku ile, mimi na mdogo wake binti, kwa gundi ya karatasi. Asubuhi pembe moja ilikuwa imeinuka, tukaishona kwa uzi mweusi kwa haraka haraka mezani.

Muziki ulipoanza wakaanza kuingia kwa mistari. Weusi mtupu. Mimi nilikuwa natafuta mwendo wake, mume wangu anatafuta kimo chake, wadogo zake wameinua simu. Bibi akasema, taratibu tu, kama mtu anayeonyesha kuku wake, "Yule pale. Mstari wa tatu." Na kweli, katikati ya weusi ule kulikuwa na mraba wa njano. Sisi wenye macho mazima tulikuwa bado tunatafuta. Kabla hajakaa, binti akageuka akatazama juu, akazungusha shingo pole pole kuifuata korido mpaka akatufikia. Nilijua ametuona kwa sababu alishika kofia kwa mikono miwili akaigusagusa.

Jina liliposomwa, Bibi alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kama tulivyoelekezwa. Kilikata kama kisu. Halafu akajiziba mdomo kwa kiganja mpaka jina la aliyefuata likasomwa lote. Joho_2019, nilikukumbuka pale. Nje kwenye nyasi hakujizuia, na akina mama wengine nisiowajua, mmoja Msudani na mwingine nadhani wa Kameruni, wakamjibu.

Sasa hili ndilo nililotaka hasa kuwaandikia. Watu walipokuwa wanatoka tuliambiwa tusubiri kidogo msongamano upungue. Bibi alikuwa ametulia anatazama ukutani upande wa pili, kwenye yale maandishi makubwa ya IOWA. Nikaona midomo yake inacheza. Nikainama nisikie. Alikuwa anasema, "I. O. Hiyo siijui. A." Akaanza tena upya, akinyoosha kidole kimoja kwenye paja: i, o, hiyo siijui, a. Binti alikuwa amefika na joho lake, amechuchumaa mbele ya kiti. Akamwambia, "Bibi, hiyo ni W." Bibi akarudia, "Wa." Akaisema mara kadhaa. Kisha akasoma neno lote toka mwanzo, akamtazama mjukuu wake aone kama amepatia.

Mama Uvira, kiti chako nitakirudisha Jumamosi mchana, na Bibi atakuja nacho kama tulivyokubaliana. Ile sehemu ya mguu wa kushoto mume wangu ameikaza kwa boliti mpya, haizunguki tena. Tunaleta na samaki.